Tundu la Bluu, Kasi ya Zamani

Hoja iliyo mezani ni hii: diski au flashi ikichomekwa kwenye kompyuta kisha ikakokota kazi kwa kasi isiyofanana na bei yake, nani aulizwe kwanza? Aliyeuza, aliyenunua, au waya ulio katikati yao?

Nimewakalisha pamoja watu wanne ambao kazi zao zinaibeba miji ya Butembo na Beni kila siku. Hawana majina hapa, kwa kuwa kila mmoja anaisemea kazi yake. Mpiga video hurekodi harusi na sherehe za kanisa katika komini ya Kimemi. Fundi ana meza ya kutengeneza kompyuta mitaa michache kutoka hapo. Mama muuzaji huagiza vifaa vya elektroniki kutoka China, na Butembo nzima inajua uzito wa kazi hiyo. Mtangazaji ametoka Beni, kilomita zipatazo 54 kwa barabara, na mahojiano yake mengi husafiri ndani ya flashi kabla ya kusikika hewani. Mimi nimeshika kalamu, na nitaingilia pale nitakapoona lazima.

MPIGA VIDEO: Ninaanza mimi, kwa sababu hasara ni yangu. Jumamosi nimerekodi harusi, video ni gigabaiti 64. Nimenunua diski ya nje, kwenye katoni imeandikwa USB 3.0. Mashini yangu ina tundu la bluu, la 3.0 hiyo hiyo. Ninachomeka, ninaanza kuhamisha, inaniambia nusu saa. Na hiyo ni kamera moja tu, kamera ya pili bado inangoja. Umeme umekwenda, jenereta inanguruma uani, esansi inaungua. Nikisema nimeuziwa kitu bandia, nimemkosea nani?

MAMA MUUZAJI: Umenikosea mimi, mwanangu. Mali yangu inapanda meli China, inashuka Mombasa, inapita Kampala, inaingia Kasindi, na kila mahali inalipiwa. Diski uliyochukua dukani kwangu ilikuwa na kebo yake ndani ya katoni. Iko wapi?

MPIGA VIDEO: Ilikatika. Ninatumia nyingine.

FUNDI: Nyingine ipi, yaya? Iweke hapa mezani.

Aliyoitoa mfukoni ilikuwa kebo ya kuchajia simu ya zamani, yenye kichwa kidogo chembamba. Tundu la diski yake ni pana na limegawanyika sehemu mbili zilizotenganishwa na mbonyeo mdogo. Kichwa cha kebo ya simu kinaingia barabara katika sehemu moja. Hakilegei, hakilazimishwi, taa ya diski inawaka, mashini inaitambua na mafaili yanafunguka. Sehemu ya pili inabaki wazi, na ukiinamia utaona pini tano zinazong'aa ambazo hazijaguswa na chochote. Kila kinachohitajika kwa kasi ya 3.0 kimo katika sehemu hiyo iliyoachwa wazi.

FUNDI: Diski si bandia, wala tundu la bluu halijakudanganya. Umeifungia diski yako njia ya kasi, ukaiachia ile ya mwaka 2000.

MPIGA VIDEO: Mbona basi haikukataa? Kitu kikikosea kiseme!

FUNDI: Hapo ndipo penye siri ya USB. Haikatai, inapatana. Mnande na mtu wa Kinshasa wakikutana sokoni hawavunji biashara kwa kukosa lugha. Watashika ile wanayoielewa wote wawili, hata kama mmoja anaisema kwa kujikongoja. Diski na mashini hufanya vilevile. Kuna ngazi: megabiti 12 kwa sekunde ya toleo la kwanza la mwaka 1996, megabiti 480 za mwaka 2000, gigabiti 5 za 3.0 iliyotoka mwaka 2008, na nyingine juu ya hapo. Zinashuka hadi kwenye ngazi ambayo pande zote mbili na waya ulio katikati vinaiweza, kisha kazi inaanza, bila mtu kuambiwa.

Ukimya huo naupinga waziwazi. Windows hutoa mara nyingine ujumbe mdogo pembeni mwa skrini kwamba kifaa hiki kingeweza kwenda kasi zaidi mahali pengine, nao hupotea kabla hujamaliza kuusoma. Mtu anayelipia kila lita ya mafuta anastahili kuambiwa ngazi gani imeshikwa, tena kwa namba, pale pale anapochomeka. Waliobuni mfumo huu walifikiria ofisi ambako umeme haukatiki.

FUNDI: Upande huo nakuunga mkono nusu. Lakini usiutukane upatanifu wenyewe. Mashini nyingi ninazozishika ni za mtumba, nyingine zina umri wa mwanafunzi anayezitumia. Diski mpya inachomekwa kwenye mashini ya mwaka 2006 na inafanya kazi. Ingekuwa inakataa kila isipopata kasi yake, nusu ya wateja wangu wangebaki na vyuma visivyosema.

MAMA MUUZAJI: Kwa hiyo tumekubaliana kwamba duka halina kosa?

FUNDI: Kwa diski hii, mama, halina. Kwa kebo, bado hatujamaliza.

MTANGAZAJI: Kabla hamjafika kwenye kebo, mniruhusu. Ninyi mnagombana juu ya kasi kana kwamba kasi ndiyo kazi. Sisi wa redio tunatazama kitu kingine. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipiga kura, Beni na Butembo tukiwa tumeahirishiwa hadi Machi 2019, sababu tuliyopewa ikiwa ni Ebola na usalama. Siku ya pili yake intaneti ikakatwa nchi nzima, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Siku kama hizo ndizo zinazomfundisha mtu thamani ya flashi. Mahojiano ya dakika 10 katika MP3 ya kawaida ni kama megabaiti 10. Hata kwenye ngazi yenu ya chini kabisa, ile ya megabiti 12, yanahamia kwa sekunde kumi au zaidi kidogo. Kinachotuumiza ni mtu mwenye haraka anayechomoa flashi kabla kazi haijaisha. Faili linafika Beni, unalifungua, sauti inakatika katikati ya neno. Mimi nachagua kifaa cha polepole kinachofikisha.

MPIGA VIDEO: Dada, sauti yako ni megabaiti kumi, video yangu ni elfu sitini na nne.

MTANGAZAJI: Najua. Lakini ni wangapi humu mjini wana kazi ya ukubwa wako? Na ni wangapi wanaharibu mafaili kwa sababu mstari wa kuhamisha ulifika mwisho wakadhani kweli umefika?

Hoja yake ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kompyuta ikiandika kwenye flashi, mara nyingi humeza sehemu ya mwanzo kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikakuonyesha kasi ya ajabu, kisha ikaendelea kumwaga taratibu nyuma ya pazia. Kwenye Linux dirisha la kunakili linaweza kufungika huku megabaiti mia kadhaa bado hazijafika. Ndiyo maana ile amri ya kutoa kifaa kwa usalama ipo, na ndiyo maana anayepima kasi kwa kutazama sekunde za kwanza anajidanganya.

FUNDI: Dada, ulilosema juu ya kuchomoa nalipokea lote. Lakini kusema ngazi ya chini haidhuru, hapo nakataa. Mtumiaji anaweza asidhurike leo. Kifaa je? Flashi ya megabiti 480 inapochomekwa hujitambulisha kwanza kama ya megabiti 12. Mashini ikiiweka sawa, flashi inatuma ishara fupi ya kuomba kupanda, mashini inajibu, ndipo zinapanda pamoja. Jibu lisiposikika vizuri, flashi inabaki chini. Sasa kwa nini lisisikike? Waya umekatika nusu ndani ya ngozi yake, pini imeliwa na kutu, vumbi limejaa tunduni. Flashi iliyokuwa inapanda mwezi jana na leo haipandi inakuambia kwamba kuna kitu kinakufa. Subiri kidogo, haitaonekana kabisa, na mahojiano yako yamo ndani.

MTANGAZAJI: Hilo sikulijua.

FUNDI: Na vumbi letu unalijua. Tundu la kompyuta inayokaa mlangoni pa duka, barabara ya udongo mbele yake, kila gari linapita. Katika tundu la bluu pini tano za kasi ziko peke yake, mbali na zile nne za zamani, na ni ndogo. Zile nne zikishika vizuri na hizi tano zikikosa kugusa, umerudi 480. Hata namna ya kuchomeka ina neno: kichwa cha USB 3.0 kina pini nne bapa mbele na tano ndogo ndani zaidi, kwa hiyo ukiingiza polepole au ukaishia katikati, zile nne zinaguswa kwanza, mashini inapatana nazo na kutulia hapo. Chomoa, chomeka tena kwa mkupuo mmoja hadi mwisho. Nimeona wateja wakitaka kutupa diski kwa sababu ya hilo tu.

MPIGA VIDEO: Na kusafisha?

FUNDI: Zima mashini kabisa, toa na betri kama inatoka. Brashi laini, na alkoli kali ya duka la dawa kidogo sana, acha ikauke. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Na sindano iache kwa fundi cherehani.

MAMA MUUZAJI: Turudi kwenye kebo, nimeona unanitazama.

FUNDI: Ninakutazama kwa heshima, mama. Kwenye kikapu chako kuna kebo zenye plastiki ya bluu kichwani, zimeandikwa 3.0. Nimefungua moja. Ndani mna pini nne. Tano za nyuma hazipo kabisa, wala nafasi yake haipo. Hiyo si kebo dhaifu, huo ni uongo uliochapwa.

MAMA MUUZAJI: Mimi sichapi. Ninanunua kwa gunia, kebo mia tano, mia saba. Mteja akija anauliza neno moja: bei gani? Nikimwambia hii franka kidogo na hii dola tatu, anachukua ya franka kidogo, anakwenda kuchaji simu yake, na simu inachaji. Amedanganywa wapi? Hata simu za Apple, iPhone 15 ya mwaka 2023, kebo iliyokuwa ndani ya katoni ilikuwa ya megabiti 480, hata kwa ile ya Pro ambayo simu yenyewe inaweza gigabiti 10. Mbona wale hamwaiti waongo?

FUNDI: Kwa sababu hawakuandika gigabiti 10 juu ya ile kebo.

MAMA MUUZAJI: Na haya maandishi yenyewe nani anayaelewa? Kwanza ilikuwa 3.0. Halafu kitu kile kile kikaitwa 3.1 cha kizazi cha kwanza. Halafu 3.2 cha kizazi cha kwanza. Katoni inasema 3.2, mteja anadhani ni ya juu, kumbe ni gigabiti 5 zile zile za mwaka 2008. Mimi wa Butembo nitalijuaje hilo kama wenye USB wenyewe wanabadili majina?

Hapa natamka msimamo wangu. Mama ana haki yote juu ya majina. Shirika linalosimamia USB liliwavuruga wauzaji wa dunia nzima kwa miaka kadhaa, na lilipotangaza mwaka 2022 kwamba alama kwenye katoni na kebo zitaje gigabiti kwa namba, 5, 10, 20 au 40, lilikuwa linasahihisha fujo liliyoifanya lenyewe. Kebo ya kuchajia isiyo na waya za kasi nayo haina aibu yoyote, ni bidhaa halali yenye kazi yake. Lakini kebo ya pini nne iliyovikwa bluu na kuandikwa 3.0 ni jambo jingine, na hapo fundi ndiye mwenye haki. Aliyeipitisha mezani kwake, hata kama hakuichapa, ndiye mtu pekee ambaye mnunuzi anaweza kumfikia. Kiwanda hakina mlango Butembo. Duka linao.

MAMA MUUZAJI: Basi nifundisheni kutambua, badala ya kunihukumu.

FUNDI: Hilo ni rahisi kwa vichwa vya kawaida. Geuza kichwa kwenye mwanga, hesabu: nne mbele, tano nyuma. Zikikosekana tano, weka kwenye kikapu cha kuchaji. Kwa zile kebo mpya za kichwa kidogo cha mviringo, Type-C, kuhesabu kunadanganya, maana tundu ni lile lile na waya za ndani zinaweza kuwa chache. Hizo zinapimwa.

MTANGAZAJI: Zinapimwaje? Maana neno kupima kila fundi analitaja, hakuna anayelionyesha.

FUNDI: Nitalionyesha. Chukua faili moja kubwa, filamu moja ya gigabaiti mbili au zaidi. Usichukue folda la picha elfu tano, kwa sababu mafaili madogo hukawiza hata diski nzuri. Lihamishe, ngoja mwanzo upite, soma kasi inayotulia. Namba za katoni ni biti, namba za skrini ni baiti, gawanya kwa nane. Ukiona karibu megabaiti moja kwa sekunde, umeshuka hadi ngazi ya 12: gigabaiti 64 za yaya zitachukua karibu saa 18. Ukiona 35 hadi 40, uko kwenye 480. Hiyo ndiyo nusu saa yake. Diski ya kuzunguka ikifika 100, imefika mwisho wake yenyewe, hata tundu likiwa na uwezo mara nne. Dakika 11 hivi, basi.

MPIGA VIDEO: Na flashi yangu iliyoandikwa 3.0 inayoandika kwa 15?

FUNDI: Hiyo inaweza kuwa imeshika gigabiti 5 sawasawa, ila chipu zake za ndani ni za bei ndogo. Barabara ni nzuri, ghala ndilo bovu. Kutenganisha hayo mawili, usitazame kasi ya faili, uliza ngazi iliyoshikwa. Mimi nina flashi yenye Linux, ninawasha mashini kwa hiyo, ninaandika lsusb -t, kila kifaa kinaonyesha namba yake: 12M, 480M, 5000M. Ikisema 5000M na faili linakwenda 15, kebo na tundu havina kosa, kosa liko ndani ya flashi. Ikisema 480M ilhali kifaa ni cha 3.0, ndipo unabadili kebo, kisha tundu, kisha unaondoa habu, kile kigawanya matundu, kama ipo, kisha unajaribu mashini nyingine. Kimoja kimoja. Ukibadili vitatu kwa mara moja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

MTANGAZAJI: Na kipaza sauti na meza yetu ya kuchanganya sauti? Hiyo lsusb ikionyesha 12M nianze kulia?

FUNDI: Hapana. Kipanya hukaa kwenye megabiti 1.5 kwa haki yake, meza nyingi za sauti hazihitaji zaidi ya 12 au 480. Kuna hata kifaa kinachotaka kukaa mbali na tundu la bluu. Kipokezi cha kipanya kisicho na waya kinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na diski ya 3.0 inapofanya kazi pembeni yake inamwaga kelele hapo hapo. Intel waliandika juu ya hilo mwaka 2012. Kipanya kikianza kurukaruka wakati yaya anahamisha video, kipeleke tundu la upande wa pili.

MPIGA VIDEO: Mwenzangu ana mashini yenye tundu la bluu, kebo nzuri, diski nzuri, na bado 480.

FUNDI: Windows gani?

MPIGA VIDEO: Saba.

FUNDI: Windows 7 haikuzaliwa na programu ya kuendesha USB 3.0, ilianza kuja ndani ya Windows 8, mwaka 2012. Akiweka Windows 7 upya bila programu ya mtengenezaji wa mashini, tundu la bluu ama halifanyi kazi, ama mashini inalipeleka kwa msimamizi wa zamani na linakuwa kama jeusi. Mashini za mtumba zimejaa ugonjwa huu, na wenyewe wanabadilisha kebo hadi wanachoka. Aje na modeli iliyoandikwa chini ya mashini, nimtafutie programu yake.

Wamelipita jambo moja haraka, nami nalirudisha: umeme. Tundu la 2.0 linaahidi miliampia 500, la 3.0 linaahidi 900. Diski ya kuzunguka iliyofungwa kwenye habu isiyo na chaja yake, pamoja na kisoma kadi na modemu, inakosa nguvu, inatoa mlio wa kugonga, inajitenga na kurudi. Kila ikirudi inapatana upya, na si lazima ipatane kwenye ngazi ile ile. Diski iwe na tundu lake peke yake, kwa kebo fupi.

MAMA MUUZAJI: Nimewasikiliza. Mzigo ujao nitaagiza kwa kutaja gigabiti kwa namba, si 3 nukta ngapi. Nitaweka vikapu viwili, cha kuchaji na cha data. Cha data kitakuwa ghali, na msije kulia bei.

MPIGA VIDEO: Ghali kiasi gani?

MAMA MUUZAJI: Kiasi cha waya tano zaidi na ushuru wake. Uliza esansi ya nusu saa ni franka ngapi, ujibu mwenyewe.

MTANGAZAJI: Na zile za bluu ambazo tayari umeuza? Ziko Beni pia, ziko Oicha, ziko hadi Lubero.

MAMA MUUZAJI: Anayerudi na yake, nikihesabu pini nne, nampa ya kweli na anaongeza tofauti.

FUNDI: Anaongeza kwa nini, mama? Alilipia kitu kilichoandikwa 3.0.

MAMA MUUZAJI: Alilipia bei ya kuchaji.

Hapo hawakuelewana, na mimi nasimama na fundi: kilichoandikwa kwenye kebo ndicho kilichouzwa. Mpiga video alitaka wagawane nusu kwa nusu. Mtangazaji akauliza kama apeleke swali hilo hewani Beni, mama akamwambia alipeleke, ila aseme pia kwamba duka limekubali kuhesabu pini mbele ya mteja.